Ijumaa na Hesabu Zetu Tatu za Siku

Kazi yangu ni kuchapa. Nina duka dogo hapa Kisumu, upande wa Kondele, na kitu ninachochapa kuliko kingine chochote ni programu za mazishi: picha ya marehemu juu, wasifu wake, majina ya watoto na wajukuu, nyimbo zitakazoimbwa, kisha ratiba. Alhamisi ndiyo siku ngumu. Watu huja na wasifu ulioandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, wengine hunisomea kutoka kwenye simu, na wote wanataka kazi iwe tayari kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ambayo wengi huchukua miili ya wapendwa wao mochari.

Kwa kuyaandika majina ya siku kila mara, nimejikuta nayapenda, na nimelipenda moja kuliko mengine. Ijumaa. Nimelifuatilia neno hili kwa wazee wa kwetu Mumias, kwa wateja wangu Waluo, kwa jirani zangu Wasomali na Wanubi, na kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba tumelipunja. Tunalitumia kama jina la siku ya mwisho ya kazi ofisini, ilhali ndilo lililoshika majina mengine matano ya juma.

Chukua Jumamosi. Ndani yake mna juma na mosi: siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kinachohesabiwa hapo ni umbali kutoka Ijumaa, na Ijumaa yenyewe haina namba, kwa maana kigingi hakihesabiwi pamoja na kamba iliyofungwa kwacho. Halafu hesabu inakatika. Hakuna Jumasita. Mahali pake pamekaa Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu kwenye Jumapili: al-ahad ya kwanza, al-ithnayn ya pili, na kuendelea hadi al-khamis. Kwa hiyo sisi Waswahili tuna siku mbili za tano zilizokaa bega kwa bega, moja kwa hesabu yetu na nyingine kwa hesabu ya kuazima, na hatuna ya sita kabisa.

Sasa njoo Kisumu. Kwa Dholuo Jumatatu ni wuok tich, siku ya kutoka kwenda kazini. Jumanne ni tich ariyo, kazi ya pili. Jumatano ni tich adek, ya tatu, Alhamisi ni tich ang'wen, ya nne, na Ijumaa ni tich abich, kazi ya tano. Mtoto wa Nyalenda anafundishwa shuleni kwamba Jumatatu imebeba tatu, na nyumbani siku iliyobeba tatu ni Jumatano. Wapo wazazi wanaodhani mtoto wao ni mzito wa kuelewa. Mtoto hana kosa lolote. Anakaa katikati ya hesabu mbili zilizo sahihi, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mbili.

Ukiweka hizo hesabu pamoja na ile ya Kiarabu unapata jambo ambalo lilinifanya niache kazi mezani siku nilipoliona. Ukihesabu kuanzia Jumamosi, kama Kiswahili, siku ya tano ni Jumatano. Ukihesabu kuanzia Jumapili, kama Kiarabu, siku ya tano ni Alhamisi. Ukihesabu kuanzia Jumatatu, kama Dholuo, siku ya tano ni Ijumaa. Siku tatu zinazofuatana, na kila moja ni ya tano kwa watu wake. Na mtu mmoja wa Kisumu aliyesoma madrasa, aliyezaliwa Kano kwa Waluo na anayefanya kazi mjini anazitumia zote tatu bila kujikwaa.

Ukivuka mpaka pale Busia ukakutana na Luganda, utasikia Ijumaa ikiitwa Lwakutaano, nayo ni ya tano kwa kuhesabu kutoka Jumatatu. Lakini Jumatatu yenyewe Waganda wanaiita Bbalaza, na hilo ni baraza letu lile lile la Kiswahili. Nakuru nako, Wakikuyu wameuchukua mpango wa Kiswahili karibu wote, wakasema Njumatatũ, wakaigeuza Alhamisi kuwa Aramithi, ila Jumapili wameibakiza na jina lao wenyewe, Kiumia. Kila jamii imechukua ilichotaka na kuacha ilichotaka.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kanisani. Injili ya Kiswahili inasema wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma, na Wakristo wote wanajua kwamba hiyo ni Jumapili. Lakini jina Jumapili linasema pili. Sabato kwa Biblia ni siku ya saba, na jina lake la Kiswahili, Jumamosi, linasema mosi. Waadventista Wasabato wamejaa Nyanza tangu misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay ilipoanzishwa mwaka wa 1906, na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Malawi. Wengi wao hukwepa kabisa kusema Jumamosi. Wanasema Sabato, na nawaelewa. Ukiamini kwa moyo wote kwamba siku hiyo ni ya saba, ulimi unakataa kuiita ya kwanza.

Maana yenyewe ya neno ni hii. Ijumaa ni al-jumu'a ya Kiarabu, na hiyo I ya mwanzo ndiyo mabaki ya al, ambayo kwenye Alhamisi imebaki nzima. Mzizi wake ni kukusanya. Siku ya kukusanyika, basi. Wasomali wa hapa mjini wanaiita Jimce, na hiyo c wanaitamka kooni, pale pale Mwarabu anapoitamkia herufi yake ya ain. Sisi tumeilainisha hadi ikawa a mbili.

Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa ndani ya Kiswahili na watu hawajui kuwa ni ndugu. Jamii ni wa humo. Jamaa pia, na kutoka kwake ujamaa, ambao Tanzania iliutangaza kuwa njia yake katika Azimio la Arusha mwaka wa 1967. Jumuiya, jumuika, jumuisha, mjumuiko. Msikiti mkuu wa mji unaitwa Jamia kwa sababu unakusanya. Wakatoliki wa Kisumu wana jumuiya zao ndogondogo, nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinazokutana kusali, leo kwa mama huyu, siku nyingine kwa yule, na sidhani wengi wao wamewahi kufikiri kwamba jina la mkutano wao na jina la siku ya swala ya Waislamu ni damu moja. Jambo moja la kuangalia: jumla, ile ya bei ya jumla, si ndugu wa hawa. Inafanana nao kwa sura na hata kwa maana, lakini imetoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu. Nimeona watu wakiichanganya humo, na inaniuma kidogo, kwa kuwa ukoo huu ni mkubwa wa kutosha bila kuazima watoto.

Nimezaliwa Mumias, kwa Wawanga, na huko ndiko nilikoijua Ijumaa kabla sijajua kusoma. Uislamu ulifika kwetu na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19, wakati wa Nabongo, yaani mfalme wetu, Shiundu na baadaye mwanawe Mumia, aliyewapokea wageni wengi, akiwemo Joseph Thomson aliyepita mwaka wa 1883. Wafanyabiashara hao walitaka pembe za ndovu na mahali pa kupumzikia. Waliacha kanzu, waliacha Kiswahili, waliacha swala. Na waliacha juma lenye kituo katikati. Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901 na Kisumu ikaanza kukua, juma la Kiswahili lilikuwa tayari limezoeleka Mumias.

Kukhu, mama yake mama yangu, aliuza mandazi kando ya barabara inayoelekea sokoni. Ijumaa alikuwa anachoma mapema, anafunika karai, anaoga, anakwenda. Akirudi kutoka msikitini anafunua karai na kuendelea kuuza. Wageni walishangaa: siku takatifu na unafanya biashara? Yeye alikuwa na jibu lililonyooka. Sura ya 62 ya Kurani, ambayo jina lake ni Al-Jumu'a, inawataka waumini waache biashara wanapoitwa kwenye swala, na swala ikimalizika inawaambia watawanyike katika nchi wakatafute fadhila za Mungu. Ijumaa haikuumbwa iwe siku ya mapumziko. Iliumbwa iwe siku ya kukutana, na kukutana kukiisha kila mtu na shughuli yake. Ndiyo maana naona haya tunapoitafsiri kana kwamba ni Jumapili ya Waislamu. Jumapili ya Wakristo ina utulivu ndani yake. Ijumaa ya kukhu ilikuwa na vumbi la miguu ya watu wengi, salamu ndefu langoni pa msikiti, habari za nani mgonjwa na nani amerudi kutoka Nairobi, halafu mandazi.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ninaloliamini kwa dhati: hapa Kisumu, ambako Waislamu ni wachache, Ijumaa inafanya kazi iliyo kwenye jina lake kuliko ninavyoiona ikifanya mahali pengine, na inafanya hivyo kwa ajili ya wafu.

Mgeni asiyejua mambo yetu asimame Ijumaa pale Mau Summit, njia zinapoachana, moja ya Eldoret na nyingine ya Kericho. Ataona basi baada ya basi, matatu za kukodi na magari madogo yaliyofungwa vitambaa vyekundu, yametoka Nairobi usiku au alfajiri, yamepita Nakuru na Salgaa, yanateremka kuja magharibi. Yanayokata Kericho yatatokea Ahero, mengine yataingia Kisumu na kuendelea Siaya, Busia, Vihiga. Ndani yake wako watu ambao Nairobi hawaonani mwaka mzima: huyu anakaa Kayole, yule Rongai, mwingine amekuja kutoka Mombasa. Harambee imefanywa, bili ya hospitali imelipwa au imeahidiwa, mwili umetolewa. Jioni watafika bomani, maturubai yako tayari, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wamewasha moto wa sufuria kubwa. Watakesha. Kesho yake, Jumamosi, ndipo watazika.

Mazishi yenyewe hayachukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni Ijumaa. Usiku ule ndipo mashemeji wanapokutana, mashamba yanapojadiliwa, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo wanapojuana majina. Kijana analetwa mbele ya mzee na kuambiwa, huyu ni baba yako mdogo, usimwite kwa jina. Mara nyingi ninapoandaa programu, mteja huniambia niache nafasi kwenye orodha ya wajukuu kwa sababu hawajui idadi kamili mpaka Ijumaa watu wafike. Tich abich, wanasema, kazi ya tano. Lakini siku wanayoiishi ni Ijumaa yenyewe, mkusanyiko.

Najua kuna upande mbaya. Disko matanga zimeharibia watoto wengi maisha, na maafisa wa serikali wamezipiga marufuku mara kwa mara bila zenyewe kwisha. Najua pia gharama. Familia zinauza ng'ombe na kukopa kwenye vyama ili kulisha watu usiku mmoja. Sitetei hayo. Ninachosema ni kwamba mtu wa Nyakach aliye Nairobi akiambiwa aende nyumbani Ijumaa, hahitaji kuulizwa kama ataenda.

Kukhu alipofariki mambo haya mawili yaligongana. Alifariki usiku wa Jumatatu, na kwa dini yake maiti haicheleweshwi. Aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe, azikwe. Jumanne alasiri tulikuwa tumeshamzika. Upande wa baba yangu ni Wakristo, na wengi wao walikuwa Nairobi. Simu zilipigwa asubuhi kuomba tungoje hadi Jumamosi watu wafike. Wajomba zangu walikataa kwa upole na hawakurudi nyuma. Mjomba mkubwa alisema tu, "Kumheshimu ni kumfikisha." Maneno yalikuwa makali kwenye simu siku ile na sitayarudia hapa.

Lakini wale jamaa waliondoka Nairobi hivyo hivyo. Walikuwa wameshazoea kwamba msiba una Ijumaa yake, na Ijumaa wakaja, na basi lao, na vitambaa vyekundu, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukauka. Walifika wakati swala ya Ijumaa imetoka hivi punde na watu wa msikitini wamekuja bomani kwa dua. Wakaketi chini ya turubai moja. Imamu akaomba, baadaye shangazi yangu mmoja, mzee wa kanisa, akaomba. Walikula pilau pamoja. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe na nikamsikia mjomba akimwambia baba, "Shemeji, Ijumaa imetukusanya." Hakuwa anacheza na maneno. Alikuwa anataja tu siku.

Kuna jambo la usiku, na hili linahusu moja kwa moja kazi yangu. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Magharibi ikishaingia, umeingia siku mpya. Kwa hesabu hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani usiku ambao wengi wetu sasa tunauita Alhamisi usiku. Ndiyo maana wazee wa pwani na wazee wa Mumias husoma Yasini jioni ya Alhamisi. Kwao Ijumaa imeshaanza. Familia moja niliyoichapia programu iliwatumia watu ujumbe kwamba kesha ni usiku wa Ijumaa. Shangazi yao mmoja aliyeolewa Mombasa miaka mingi, mama mtu mzima, alifika bomani Alhamisi saa mbili ya usiku na mkoba wake, akakuta hakuna turubai wala moto. Kwa Kiswahili chake alikuwa amefika wakati ule ule alioitiwa. Watangazaji wa redio na televisheni wameliona tatizo hili, nao husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ni maneno mazuri, hayamwachi mtu njiani, na tangu hapo ndiyo mtindo ninaoufuata kwenye ratiba zote, kesha la Ijumaa usiku nikiliandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", hata mteja akiniambia ni marefu.

Saa zetu bado zinakumbuka mpango ule wa kale. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya machweo, na ndivyo tunavyosema sote, Mwislamu na Mkristo, Mluo na Mluhya. Tumehamisha majina ya siku hadi saa sita ya usiku, lakini saa zenyewe tumeziacha pale jua linapozama. Na jua halizami mahali pote kwa pamoja. Mombasa iko mashariki ya Kisumu kwa karibu nyuzi tano za longitudo, kwa hiyo huko linatangulia kuzama kwa kama dakika 20. Kwa hesabu ya wazee, Ijumaa hufika kwao kwanza, kisha hutufikia sisi huku ziwani.

Wasabato nao wanaishi kwa machweo. Kwao Sabato inaingia Ijumaa jua likitua, na mchana wa Ijumaa ni wa maandalizi: kufua, kupika, kupiga pasi, kusafisha nyumba. Hawaziki siku ya Sabato. Familia ya Kisabato inapokuja dukani huwa nauliza mapema kama mazishi ni Ijumaa au Jumapili. Ikiwa ni Jumapili, mara nyingi wanataka mwili uwe umeshafika bomani kabla ya machweo ya Ijumaa, ili jioni wakae na kuimba tu. Mzee mmoja wa Karachuonyo aliniambia anapenda Kiswahili kwa sababu ya saa zake, maana ni saa za Biblia, jioni kwanza halafu asubuhi. Mwislamu wa Mumias na Msabato wa Kendu Bay hawakubaliani ni siku gani iliyo kuu, lakini wanaifungua kwa jua lile lile.

Wavuvi wa Dunga wana kalenda yao, nao siwezi kuwasahau. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazifanyi kazi vizuri mwezi ukiwa mpevu. Kwao siku nzuri ni usiku wa giza, uangukie Jumanne au Ijumaa. Soko la Kibuye nalo halijali kitu isipokuwa Jumapili yake.

Wakristo wameipa Ijumaa moja ya mwaka sifa ambayo Waislamu wenyewe hawakuipa jina lake: Ijumaa Kuu. Wakatoliki wa hapa hufanya Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima na kuacha nyama, wakala samaki, ngege au omena. Nimeipenda siku zote hii Ijumaa Kuu, kwa jinsi neno la msikitini lilivyopewa kiti cha mbele kanisani na hakuna aliyenung'unika.

Vijana wana Furahiday yao, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na sina ugomvi nayo. Furaha baada ya kazi ni haki ya mtu. Ninachohofia ni kwamba imekuwa furaha ya kutoroka wengine, kila mmoja na mshahara wake. Kuna pia hofu ya Ijumaa, ambayo mwendesha boda yeyote wa Kondele anaijua: ukikamatwa Ijumaa jioni utalala ndani mpaka Jumatatu. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia wakati mahakama imefungwa, unasubiri siku ya kazi inayofuata. Mikutano ya kisiasa ikitangazwa Ijumaa, kina mama huwaita vijana wao nyumbani mapema.

Niseme habari za majina ya watu, kwa kuwa ninayaandika kila siku. Pwani mtoto wa Ijumaa huitwa Juma au Mwajuma, wa Alhamisi Hamisi au Mwanahamisi, na Jumanne pia ni jina la mtu. Waluo hawafuati siku, wanafuata saa: Onyango wa asubuhi, Ochieng' wa jua la mchana, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Oduor wa usiku wa manane. Na jina Juma limeenea kwa Waluo na Waluhya wasio Waislamu kabisa. Nimewahi kuandika wasifu wa mzee aliyeitwa Juma na pia Otieno, na watoto wake hawakujua kwamba baba yao alikuwa amebeba siku na saa maisha yake yote. Nilipowaeleza, binti yake mkubwa alinitaka nisome mara ya pili.

Neno lenyewe juma, lenye maana ya siku saba, linapotea Kenya. Watu husema wiki: wiki ijayo, wiki jana, mwisho wa wiki. Wiki haina kosa, lakini haikumbuki mahali ilipoanzia. Juma linakumbuka; ni Ijumaa iliyopanuka ikafunika siku zote hadi Ijumaa nyingine. Na ajabu ni kwamba walioitunza maana hiyo kwa uaminifu ni Waluo. Mama wa Kisumu anayeuza samaki atakuambia juma mabiro kwa juma lijalo na juma mokadho kwa lililopita, kwa Dholuo safi, wala hatafikiri kwamba anasema Kiarabu. Sisi wenye Kiswahili ndio tumeliacha.

Kwa hiyo kwenye matangazo ninayochapa, ibada ya shukrani ikipangwa siku kadhaa baada ya mazishi, naandika "juma lijalo". Wateja Waluhya wakati mwingine huniuliza kama si afadhali wiki. Wateja Waluo hawajawahi kuniuliza.